Kaboni inayong'aa na maji tunayokunywa

Mwaka 2012 watafiti wa India walikamua machungwa, wakachanganya maji yake na alkoholi, wakayafungia ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, kisha wakayapasha moto wa nyuzi 120 za selsiasi kwa saa mbili na nusu. Walipofungua walikuta kimiminika cha kahawia kisichovutia jicho. Baada ya kukisafisha walikimulika kwa taa ya urujuanimno, na kiling'aa. Ndani yake mlikuwa na chembe za kaboni, ziitwazo vitone vya kaboni, zenye upana wa nanometa 1.5 hadi 4.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo zingehitajika chembe kati ya 18,000 na 53,000 hivi, zimepangwa bega kwa bega, ili kuujaza upana huo.

Hilo linashangaza kwa sababu kaboni tunayoijua ni nyeusi. Makaa ya jikoni, masizi ya koroboi, ule weusi wa ndani ya penseli, vyote ni kaboni, na vyote humeza mwanga bila kuurudisha. Je, kaboni inapata nini ikifikia udogo huo? Na kwa nini habari hii imhusu mtu wa Njoro, kule Nakuru nchini Kenya, ambaye maji ya kisima chake yana floraidi, au wa Nyatike, kule Migori, anayechota maji chini ya machimbo ya dhahabu? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo ni uso wa chembe. Sehemu ya mwanga wake huzaliwa usoni, na ni usoni hapo hapo ambapo maji huigusa kaboni. Kilichomo majini kinaweza kuugeuza mwanga huo ukatupa habari. Kinaweza pia kuugeuza ukatudanganya, na upande huu wa pili hautajwi vya kutosha.

Mwanga unaoingia, mwanga unaotoka

Tuanze na kitu ambacho Nyanza na Magharibi wanakijua kwa uchungu wake: kwinini. Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliandika kuhusu rangi ya samawati iliyotokea juu ya maji yenye kwinini yalipopigwa na jua. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alieleza kinachotendeka, akakipa jina la fluoresensi: mwanga usioonekana kwa macho unaingia ndani ya kitu, na mwanga unaoonekana unatoka. Hata leo ukichukua soda ya toniki, ambayo hutiwa kwinini kidogo ili iwe chungu, ukaiweka chini ya ile taa ya kukagulia noti iliyoko kwenye maduka mengi ya mjini, itang'aa samawati.

Maelezo yake si magumu. Molekuli ina elektroni zinazokaa katika ngazi fulani za nishati. Mwanga wa urujuanimno ukiipiga, elektroni moja inapokea nishati na kupanda ngazi ya juu. Haikai huko. Ndani ya muda mfupi mno, sehemu ya bilioni ya sekunde au nanosekunde chache, inarudi chini na kuitoa nishati ile kama mwanga. Ila kabla ya kurudi huwa imeshapoteza sehemu kwa mtikisiko na joto. Mtu akipewa noti ya elfu akanunua mkate njiani hawezi kurudisha elfu nzima. Ndiyo maana mwanga unaotoka huwa na nishati ndogo kuliko ule ulioingia, na mwanga wenye nishati ndogo una mawimbi marefu zaidi. Urujuanimno wa nanometa 365 unaingia, samawati ya nanometa 450 hivi inatoka.

Swali linalofuata ni kiasi gani kinarudi. Wanakemia huhesabu hivi: katika kila fotoni 100, yaani chembe za mwanga, zilizomezwa, ni ngapi zimerudi kama mwanga? Hesabu hiyo huitwa tija ya kwantamu. Kwinini iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa ina tija ya asilimia 54 hivi, na imekubalika kiasi kwamba maabara nyingi duniani huitumia kama kipimo cha kulinganishia vitu vingine vinavyong'aa samawati, vikiwemo vitone vya kaboni. Dawa ya malaria imekuwa rula ya mwanga. Vile vitone vya chungwa vilipimwa vikaonekana kuwa na tija ya asilimia 26.

Zilivyopatikana

Hakuna aliyezitafuta chembe hizi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Xiaoyou Xu na wenzake walikuwa wakisafisha mirija nano ya kaboni, yaani mirija yenye upana wa nanometa chache tu, iliyotengenezwa kwa cheche ya umeme. Walitumia elektroforesisi, yaani njia ya kutenganisha chembe kwa kuzivuta kwa umeme ndani ya jeli, kila moja kwa mwendo wake. Pembeni ya mirija waliyoitaka ukajitokeza mstari wa takataka uliong'aa. Takataka ile ndiyo habari tunayoizungumzia leo. Miaka miwili baadaye kundi la Ya-Ping Sun wa Chuo Kikuu cha Clemson lilionyesha kwamba chembe hizo zikivikwa usoni molekuli za polima mng'ao wake unapanda sana, na jina la vitone vya kaboni likashika.

Kisha mwaka 2007 likaja jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa urahisi wa malighafi yake. Watafiti walikinga masizi ya mshumaa kwa kioo, wakayachemsha katika asidi ya nitriki kwa saa 12, wakatenganisha chembe kwa umeme, wakapata vitone vya rangi mbalimbali. Tija ilikuwa chini ya asilimia 2, mwanga hafifu sana. Lakini angalia kazi iliyofanywa na asidi. Masizi yenyewe hayang'ai wala hayakubali kuchanganyika na maji. Asidi ilizila kingo zake na kubandika vikundi vya oksijeni juu ya uso, na hapo ndipo chembe zikayeyuka majini na kuanza kutoa mwanga. Mwaka ule tayari ilikuwa wazi kwamba ufundi uko kwenye uso.

Mnamo 2023 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov kwa kazi ya vitone vya kwantamu. Wengi wanavichanganya na hivi vya kaboni. Vile ni fuwele za semikondakta, mara nyingi zenye kadmiamu, na rangi yake hutawaliwa na ukubwa: kitone kidogo hutoa samawati, kikubwa hutoa nyekundu. Sababu ni kwamba elektroni ikibanwa katika nafasi ndogo, ngazi zake za nishati huachana zaidi. Ni sheria safi, na ndiyo inayowapa rangi kali baadhi ya televisheni za kisasa. Vitone vya kaboni havitii sheria hiyo kwa unyofu.

Mwanga unatoka wapi hasa?

Hapa wanasayansi wenyewe bado wanabishana, na ubishi wenyewe unafaa kueleweka kwa sababu unagusa matumizi moja kwa moja.

Maelezo ya kwanza yanaanzia kwenye kiini. Vitone vingi vina moyo wa kaboni iliyopangwa kwa pembe sita, vipande vidogo vya grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja) vilivyolaliana. Katika grafini kubwa elektroni huzunguka huru na mwanga hupotea kama joto. Kipande kikiwa na upana wa nanometa chache tu, elektroni zinabanwa, ngazi za nishati zinaachana, na mwanga unaweza kutoka.

Maelezo ya pili yanatupeleka kwenye uso. Ukingoni mwa kitone kuna atomi za oksijeni, za nitrojeni, vikundi vya asidi na vya amini, na kasoro za kila namna. Kila kimoja hutengeneza ngazi yake ya nishati. Hii ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi kwa tabia moja ya pekee ya vitone hivi: ukibadilisha rangi ya mwanga unaoingia, mara nyingi rangi inayotoka nayo hubadilika. Rangi ya kawaida ya nguo haifanyi hivyo. Ndani ya chupa moja kuna vitone vya nyuso tofauti, na kila mwanga huamsha kundi lake.

Maelezo ya tatu ndiyo yaliyowakosesha watu usingizi. Mwaka 2013 watafiti wa China walitangaza vitone vilivyotengenezwa kwa asidi ya sitriki, ile ya malimau, na ethilenidiamini, vikiwa na tija ya asilimia 80 hivi. Kila mtu akaiga njia hiyo. Baadaye ikagundulika kwamba malighafi hizo mbili zikipashwa moto pamoja hutengeneza pia molekuli ndogo ya kawaida, tena inayong'aa sana samawati. Yaani sehemu kubwa ya mwanga uliosifiwa kama wa vitone ilitoka kwa molekuli zilizokuwa zikielea pembeni, au zilizojibandika usoni. Tangu hapo makala nzuri za kitaalamu huonyesha namna chembe zilivyosafishwa: kimiminika kinawekwa ndani ya mfuko wa utando wenye vitundu vidogo, mfuko unazamishwa katika maji safi kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, mpaka molekuli ndogo zote zitoke na chembe zibaki. Kisha mwanga hupimwa pande zote mbili, ndani ya mfuko na nje. Ukisoma ripoti ya vitone vipya vya majani au maganda fulani na hukuti hatua hiyo, usiitegemee. Kupika kitu chenye sukari na protini mpaka kikang'ae ni rahisi mno.

Vitone si peke yao katika ukoo huu. Mirija nano ya kaboni, ile myembamba yenye ukuta wa safu moja, hung'aa katika infraredi ya karibu, jambo lililoonyeshwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas. Mwanga huo macho hayauoni lakini hupenya nyama ya mwili kuliko samawati. Kuna pia almasi nano, ambamo atomi moja ya nitrojeni imekaa kando ya nafasi iliyokosa atomi ya kaboni, na kasoro hiyo hutoa mwanga mwekundu usiofifia hata ukimulikwa kwa muda mrefu. Mwanga wa almasi hizo hubadilika pia kukiwa na sumaku karibu, kwa hiyo hutumika kupima nguvu za sumaku katika sehemu ndogo kuliko seli. Ni ajabu tupu, ila vifaa vyake ni ghali na haviji sokoni Kibuye karibuni.

Vinafaa wapi?

Sifa za vitone vya kaboni zikitajwa pamoja zinaeleza kwa nini maelfu ya makala yameandikwa juu yake. Vinayeyuka majini. Havina kadmiamu wala metali nyingine ya sumu katika umbo lake. Vingi huvumilia mwanga mkali kwa muda mrefu kuliko rangi za kawaida za maabara, ambazo hupauka. Malighafi ni rahisi. Katika majaribio ya seli, vingi vimeonekana kuwa na madhara madogo, ingawa hili halipasi kugeuzwa kuwa cheti cha usalama: uso wenye chaji chanya unaweza kuidhuru seli ambayo uso wenye chaji hasi uliiacha salama, na vingine vikimulikwa huzalisha oksijeni kali inayounguza kilicho karibu. Sifa hiyo hiyo ya kuunguza ndiyo wengine wanaitaka, kwa ajili ya kuua bakteria au seli za saratani kwa mwanga.

Kwa hiyo vimejaribiwa kupiga picha za seli, kubeba dawa, kutengeneza balbu za LED, kuchapa alama zisizoonekana kwenye hati ili zisighushiwe, na kusaidia mwanga wa jua kuvunja uchafu majini. Katika picha za ndani ya mwili vina kilema cha wazi. Wingi wao hutoa samawati au kijani, rangi ambazo damu na nyama humeza, na seli zenyewe zina mng'ao wake wa samawati unaochanganya picha. Vitone vinavyotoa nyekundu kali vipo, ila kuvitengeneza kwa uhakika ni kazi ngumu zaidi. Sitakaa hapo. Matumizi ninayoyaona karibu zaidi na maisha yetu ni ya kupima maji.

Floraidi ya Nakuru

Bonde la Ufa limejengwa na miamba ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo hutoka na floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya pande za Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha hupita kiwango hicho, na dalili yake tunaiona mitaani: meno ya kahawia ya watu waliokunywa maji hayo utotoni. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, kwa hiyo yaliyosalia yana floraidi nyingi zaidi kwa kila lita.

Jimbo Katoliki la Nakuru linajulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa, na madini yake ya kalisi na fosfeti huishika floraidi maji yanapopita. Ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba mkaa hujaa. Siku unapojaa, maji yanaendelea kutoka masafi machoni, ladha ni ile ile, na floraidi inapita bila kizuizi. Mama mwenye kichujio jikoni hana namna ya kujua. Maabara hutumia elektrodi maalumu ya floraidi, kifaa cha kuaminika, lakini hakikai jikoni.

Vitone vya kaboni vinaweza kuingia hapa kwa ujanja wa hatua mbili. Kwanza unavizima. Unaongeza metali kama aluminiamu, chuma au zirkoniamu, kwa kuchagua ile inayovizima vitone ulivyo navyo. Metali hiyo inashika vikundi vya asidi vilivyoko usoni mwa kitone, na nishati ya elektroni inapotelea kwenye metali badala ya kutoka kama mwanga. Kisha unatia maji yanayopimwa. Floraidi huzipenda metali hizo kwa nguvu kuliko kitone kinavyozishika. Inaing'oa metali, inaondoka nayo, na kitone kinawaka tena. Mwanga unavyozidi ndivyo floraidi inavyozidi. Kipimo kinachowaka mbele ya hatari ni bora kuliko kinachozimika, kwa sababu mambo mengi yanaweza kuuzima mwanga na machache tu yanaweza kuuwasha.

Sasa tazama mtego. Fosfeti nayo huzipenda metali hizo hizo. Na mkaa wa mifupa, kama tulivyoona, umejengwa na kalisi na fosfeti, na unaweza kuachia kiasi chake majini. Kwa hiyo kipimo kilichofanya kazi vizuri kwa maji safi ya maabara kinaweza kuwaka kwa sababu ya kichujio chenyewe, mama akatupa mkaa ambao bado mzima, au akazoea kuona kinawaka na asikijali siku mkaa unapojaa kweli. Maji ya Bonde la Ufa pia huwa na magadi, na hali hiyo ya alikali hugeuza tabia ya vikundi vya usoni pamoja na ile metali. Hakuna njia ya mkato: kipimo cha Nakuru kinapaswa kusanifiwa kwa maji ya Nakuru, yaliyopita katika mkaa wa mifupa, na kila jibu lake kulinganishwa na elektrodi.

Zebaki na mito ya magharibi

Ukienda Migori, Kakamega, Vihiga au Siaya kwenye machimbo madogo ya dhahabu, utaona mawe yaliyosagwa yakioshwa ndani ya karai na zebaki ikitiwa kwa mkono ili ikusanye chembe za dhahabu. Donge lile kisha huchomwa. Zebaki huruka kama mvuke ambao mchomaji na majirani huuvuta, na nyingine hubaki kwenye tope linalotiririkia mtoni. Mto Migori unaungana na Kuja, na Kuja unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unazitaka nchi zilizojiunga nao kupunguza matumizi haya na kuyaondoa pale inapowezekana.

Zebaki iliyoyeyuka majini ni mojawapo ya vitu vinavyovizima vitone vya kaboni kwa urahisi, hasa vyenye nitrojeni au salfa usoni, kwa kuwa zebaki huvutwa sana na salfa. Kwa hesabu za makaratasi, kipimo hiki ni rahisi: tia vitone, mulika, angalia mwanga ulivyopungua. Lakini kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita, mara 250 chini ya kile cha floraidi. Kwa kiasi kidogo hivyo, kila kitu kingine kilichomo majini kina sauti kubwa kuliko zebaki.

Chukua maji ya Mto Nyando baada ya mvua. Yana udongo na chuma. Chuma nacho huzima vitone vingi, tena chuma ni kingi. Rangi ya kahawia ya maji humeza urujuanimno kabla haujavifikia vitone, kwa hiyo mwanga hufifia ingawa hakuna kilichovigusa. Chuja udongo, rangi iliyoyeyuka bado ipo. Sasa chukua maji ya pembeni mwa mafunjo pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mimea iliyooza imeyatia asidi za humasi, na asidi hizo zenyewe hung'aa samawati zikimulikwa. Kisha kuna jambo ambalo mtafiti aliyezoea maji ya chupa hatalifikiria: sabuni ya unga. Sabuni nyingi hutiwa kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na kazi ya kemikali hizo ni kumeza urujuanimno na kutoa samawati. Ndiyo sababu shati jeupe huwaka chini ya taa ya noti. Pale watu wanapofulia na kuoshea magari ufuoni, maji yenyewe yana mng'ao wa samawati kabla hujatia kitone chochote. Kitone cha samawati katika maji kama hayo kitasema maji ni salama wakati kinachoonekana ni sabuni.

Ziko dawa tatu, na ningetaka kila mwanafunzi anayeanza utafiti huu katika vyuo vikuu vya Maseno, Egerton au Masinde Muliro azijue kabla ya kuchagua majani ya kupika.

Ya kwanza ni kupima kwa rangi mbili. Unaweka pamoja vitone viwili, kimoja cha samawati kinachozimwa na zebaki na kimoja cha nyekundu kisichojali. Husomi tena ukali wa mwanga, unasoma uwiano. Taa ikidhoofika betri inapoisha, rangi zote mbili zinashuka, uwiano unabaki. Zebaki ikiwepo, samawati inashuka peke yake na mchanganyiko unageuka kuelekea wekundu, badiliko ambalo hata jicho huliona vizuri kuliko kufifia, na kamera ya simu ndani ya boksi la giza inaweza kulisoma kwa namba.

Ya pili ni kuhama kutoka samawati, kutumia vitone vinavyoamshwa na mwanga wa kijani na kutoa nyekundu, ambako humasi na sabuni havina kelele nyingi. Ni vigumu kuvitengeneza, nimeshasema, lakini kwa maji ya ziwa kazi hiyo inalipa.

Ya tatu haihitaji kitone kipya. Unachukua maji ya kisima hicho hicho, unayagawa katika vikombe vinne au vitano, kila kimoja unakitia kiasi cha zebaki unachokijua, kuanzia sifuri na kupanda, kazi ya kufanyia maabara kwa uangalifu. Mwanga wa kila kikombe unapimwa na kuchorwa. Mstari ukinyooka, unaweza kuurudisha nyuma mpaka kwenye mwanga wa maji kama hayo yasiyo na zebaki, ukasoma kiasi kilichokuwemo tangu mwanzo. Ukipinda au kubaki tambarare, maji yenyewe yamekuambia kwamba kuna kitu kingine kinachoingilia. Uchafu wa maji, ambao awali ulikuwa adui, sasa umo ndani ya vikombe vyote kwa usawa.

Kuhusu malighafi, magugu maji ya Ghuba ya Winam na makapi ya miwa ya Muhoroni na Chemelil yanaweza kutoa vitone. Vya mimea yote miwili vimeshatengenezwa na kuripotiwa. Lakini anayesema kwamba vitone vitasafisha ziwa hajafikiria kiasi. Kipimo kimoja cha maji hutumia sehemu ya miligramu ya vitone. Mzigo wa mkokoteni mmoja wa magugu ungetosha maabara kwa muda mrefu sana, na ziwa lisingejua kwamba kuna kilichopungua. Magugu maji yana tatizo la ziada: hufyonza metali nzito kutoka majini, na jani lililokaa karibu na mdomo wa mto wenye machimbo linaweza kuja na zebaki au risasi yake. Kwa kazi ya kupima metali, makapi ya miwa au asidi ya sitriki ya dukani ni chaguo salama zaidi, hata kama hadithi yake haivutii.

Na kuna mpaka mmoja ambao hakuna uso wa kitone uliouvuka kwa wepesi. Zebaki inayovizima vitone ni ile iliyoko majini kama ioni, yaani atomi zenye chaji. Katika tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa vijidudu hadi omena, na kutoka kwa samaki wadogo hadi mbuta, ikiongezeka kila hatua. Maji yanaweza kupimwa yakaonekana yako chini ya kikomo huku samaki wakubwa wa mto huo huo wakiwa na kiasi kikubwa mara nyingi zaidi. Vitone vingi vya kaboni haviioni zebaki hiyo ikiwa imefungwa ndani ya minofu. Ili kuipima, minofu huyeyushwa kwanza katika asidi kali yenye moto, zebaki yote igeuzwe kuwa ioni, asidi ipoozwe, ndipo vitone au mashine ya maabara ifanye kazi yake. Kwa anayetaka kujua kama samaki wa mdomo wa Kuja wanalika, kazi inaanzia kwenye asidi hiyo, kabla ya taa yoyote kuwashwa.